Akanyimwa Hata Tone

Bendi ya nne nayo iliukosea wimbo palepale ilipoukosea ya kwanza.

Saulo alikuwa amesimama mlangoni mwa ukumbi pale Uyole, akitikisa kichwa. Watu walidhani anafuata mdundo. Kumbe alikuwa anakataa.

Huyu Saulo alikuwa Mnyasa. Alivuka mpaka akaingia Tanganyika mwaka wa hamsini na mbili akiwa dereva, akakaa Mbeya. Baada ya miaka mitatu aliacha usukani, akisema macho yamechoka, ingawa macho hayohayo yaliweza kuona ubao uliopinda hata kwa unywele. Akawa seremala: vitanda, madawati na, kazi ikija, majeneza. Ndugu hakuwa naye, na Jumamosi ya mtu asiye na ndugu ni ndefu mno. Ndipo akazigundua bendi.

Hazikuwa zile za tarumbeta za wazee. Hizi zilikuwa za vijana wa magitaa, waliorudi kutoka migodi ya Rodesia na santuri za roki, wakazichanganya na ngoma za kwao, wakatoa kitu ambacho mapadri walikikemea na mabinti wa kwaya zao wakakijua kwa moyo. Saulo alizifuata Uyole, Rujewa, hadi Iringa, akidandia malori ya watu, chupa yake ya chai kwapani. Mgeni kuku mweupe. Njia nzima walimjua kwa chupa hiyo, kwa sababu haikuwa na kifuniko, kile cha kunywea. Aliinua chupa nzima mdomoni, akaungua kila mara. Alipoulizwa, alisema kifuniko kilipotea.

Wimbo uliomkera ulikuwa wa Kalinga, mpiga gitaa wa Iringa. Jioni moja ya kiangazi, miaka mitatu iliyopita, gari lilimgonga Kalinga karibu na Rujewa, likamwacha kando ya barabara mpaka kukakucha. Polisi walipima, wakaandika kwamba gari halijulikani, wakaenda zao. Bendi zote ziliupiga wimbo huo, na zote, zikifika ubeti wa tatu, ziliimba:

*Aliomba maji Kalinga, akanyimwa hata tone.*

Hapo Saulo hutoka nje.

Mwezi wa sita, Liberatus, mkuu wa bendi iliyozishinda zote pale Iringa, alimwambia: njoo Jumapili mchana, ukiupiga wimbo wa Kalinga sawasawa, gitaa la pili ni lako. Saulo alikosa usingizi siku tatu kwa furaha. Miaka sita katika nchi ya watu, na sasa wangekuwapo watu wa kumwita mwenzetu. Hakutaka kitu kingine duniani. Alikwenda na gitaa alilojichongea mwenyewe kwa mbao zilizobaki kwenye jeneza.

Ukumbini upepo wa Iringa ulipita chini ya mlango kama mwenye nyumba. Walikuwapo wapigaji watatu na Liberatus. Nyuma kabisa alikaa mama mmoja aliyejifunga shuka nzito, akisuka kikapu cha nyasi za milulu.

"Kamwene," mama alimsalimu.

"Kamwene, mama," Saulo alijibu, akijivunia Kihehe chake cha neno moja.

"Huyo ni shemeji yetu Tekla," Liberatus alisema. "Hakosi mazoezi. Weka mzigo wako hapo, kaka, tuanze."

Saulo aliweka chupa yake juu ya kiti, akapiga. Alipiga vizuri mpaka mpiga ngoma akasahau zamu yake. Ubeti wa kwanza, wa pili. Akafika wa tatu.

"Aliomba maji Kalinga," aliimba, "akapewa."

Liberatus aliinua mkono. "Akanyimwa, kaka. Akanyimwa hata tone. Rudia."

Alirudia. Alifika palepale, akaimba vilevile.

"Mnyasa, wimbo una mwenyewe. Uimbe ulivyotungwa."

"Ulitungwa kwa uongo," Saulo alisema, kwa hasira ambayo hata yeye hakuitegemea. "Miaka mitatu mnamfanya dereva yule mnyama. Nani anamnyima maji mwenzake anayekata roho?"

"Kule kiangazi maji yangetoka wapi? Vijito vyote hukauka." Liberatus aliuliza taratibu, kama anayemuuliza mgonjwa panapouma.

Saulo aliliangalia gitaa lake. Nafasi yake ilikuwa inamponyoka kwa neno moja tu, na aliliona hilo. Lakini alikuwa amechoka. Usiku mzima, kila usiku, neno hilo lilikuwa likimwimbia kitandani.

"Hayakuwa maji," alisema. "Ilikuwa chai."

Mpiga ngoma aliinuka, akaenda kusimama mlangoni.

Tekla aliacha kusuka. Alitia mkono ndani ya kikapu, akatoa kifuniko chekundu cha bati chenye doa la chai lililokauka chini. Alitembea mpaka kwenye kile kiti, akakiweka juu ya chupa ya Saulo, akakizungusha polepole. Kilikaza.

"Tulikikuta mkononi mwa mume wangu," alisema. "Wimbo nimeutunga mimi, na bendi zote nimezipa mimi. Nilijua iko siku aliyemnywesha chai atachoka kusingiziwa."