Alama ya Kisigino

Mandlenkosi alikuwa amepiga magoti uani, mswaki wa meno mkononi, akisugua bawaba za mlango wa gari lake. Mkewe alimchungulia kupitia dirisha la jikoni hadi chai ikamwagikia sahanini. Mwanamume huyu, tangu waoane, hajawahi kusuuza hata kikombe chake.

Tena mkewe, Nokuphiwa, ndiye mwenye banda la kuoshea magari pale Madadeni. Nusu ya mji huleta magari kwake, halafu mume anajibanza uani kuosha lake kimyakimya! Na bodi hata hakuligusa. Matope yalikuwa palepale mpaka paani. Alisafisha miimo ya milango tu, zile kingo za ndani ambazo huzioni mpaka mlango ufunguliwe.

Hilo ndilo lililomkata maini. Kila siku Nokuphiwa huwaambia wasichana wake wa kazi: bodi la gari ni la majirani, miimo ni ya wenyewe. Anayeingia na kutoka huacha habari zake hapo.

Mume alipokwenda kuoga, mke alitoka kwenda kukagua. Kazi haikuwa mbaya. Sabuni kidogo, kitambaa chenye unyevu badala ya bomba la maji, mipira ya milango imefutwa, na nta imepakwa juu ili vumbi lisishike. Nta yenyewe ilikuwa ya wizi, kutoka bandani kwake. Ila fundi wetu aliipaka kabla hajamaliza kufuta, kosa la kila mwanagenzi. Kwenye kizingiti cha mlango, chini ya nta, alama ilikuwa imehifadhiwa vizuri kama achari kwenye chupa: kisigino cha kiatu cha mwanamke.

Na ilikuwa upande wa dereva. Yeye, mke wa ndoa, aliwahi kuomba kushika usukani huo akaambiwa gari halijamzoea.

"Kisigino kikoje?" aliuliza Gugu, msaidizi wake, kesho yake bandani.

"Kifupi. Cha mraba."

"Basi si mtoto wa baa huyo, mama. Huyo ni mwalimu, au nesi." Gugu alikamua kitambaa. "Na hao ndio wabaya. Wa baa anataka bia tu. Huyu anataka kuolewa."

Mteja mmoja, aliyekuwa akila maandazi ya magwinya kwenye benchi, akadakia. "Mnasema ile gari nyeupe ya Mandlenkosi? Mbona Jumamosi niliiona uwanja wa zamani wa mpira, peke yake! Ilikuwa inatikisika, mama. Inatikisika, inatulia, inatikisika tena."

Gugu aligeukia ukutani mabega yakitikisika kwa kicheko. Nokuphiwa hakuona cha kuchekesha. Alimpenda yule mjinga, na alihisi nyumba yake inamtoka mikononi. Alikwenda nyuma ya banda akampigia mama yake.

"Mama, mume wangu ana mwanamke."

"Nani kakwambia?"

"Gari. Jana kalisafisha ndani ya milango, anaficha kitu."

"Phiwa mwanangu, mwanamume akisafisha gari, mshukuru Mungu ukalale."

"Jumamosi nakuja kwako tuzungumze."

"Jumamosi sipo. Tuna kwaya. Tena ukija siku yoyote, huyo mkwe wangu mwache kwenu! Juzi kaleta mtungi wa gesi bila kubisha hodi, kidogo tuonane uso kwa uso. Nikajifungia bafuni na uji unaungua jikoni. Aibu gani hiyo, na uzee huu!"

Nokuphiwa alikata simu bila kufarijika. Mama yake alikuwa mwanamke wa mila, ile inayokataza mkwe na mama mkwe kutazamana wala kusemezana, na wa mila huwa hawana habari na mambo ya visigino.

Jumamosi ilipofika, mume alisema anakwenda kuangalia mpira. Alijipulizia manukato. Mpira gani unaotaka manukato? Nokuphiwa alisubiri kona immeze, akachukua pikapu ya mteja iliyokuwa bado inachuruzika maji, na brashi ndefu ya kusugulia matairi akaiweka kiti cha pembeni. Mteja angeelewa. Asipoelewa, shauri yake.

Uwanja wa zamani ulikuwa mtupu. Katikati lilisimama gari jeupe peke yake, na ni kweli lilikuwa linatikisika. Liliruka mbele, likatetemeka, likazima. Vumbi kwenye kioo cha gari hilo lilimzuia kuona vizuri, ila aliona kichwa kimoja tu, kimefungwa kitambaa. Cha mume hakikuonekana kabisa, na kwa hilo machozi yalimtoka.

Aliukata uwanja mbio, brashi juu, viatu ameviacha nyuma. Matusi aliyokuwa ameyaandaa tangu Jumatatu yalikuwa yamejipanga ulimini. Akaukamata mlango wa dereva, akaufungua kwa nguvu zake zote.

Mikono ikiwa imeng'ang'ania usukani, shali la kanisani mabegani, mama yake mzazi alimkodolea macho.

Na kwenye kiti cha nyuma, amewageuzia mgongo na kujifunika blanketi gubigubi, Mandlenkosi alikuwa bado anafundisha: "Klachi kwanza, gari! Tafadhali sana, gari, klachi kwanza, kwa heshima zote!"