Rafiki wa Kumi

Siku hizi kura yako haihesabiwi mpaka rafiki zako kumi watume zao kwa posta, na kazi ya kuwahimiza kupitia programu ya kura kwenye simu ni yako. Mwanatumu alikuwa amechoka. Tisa walishatuma. Wa kumi, Bishara, shoga yake tangu darasa la kwanza, alikuwa hapokei tena simu zake.

Jioni hiyo aliiacha simu juu ya friji makusudi, akapakua pilau kwenye hotipoti, akavuka barabara kumpelekea Bishara. Saumu, binti wa Mwanatumu, alikuwa amejifungua asubuhi, na habari kama hiyo mtu huipeleka kwa mdomo wake.

Bishara alifungua mlango nusu.

"Kesho nitatuma, Mwanatumu. Wallahi kesho. Wewe ni wa sita leo."

"Sikujia hayo, shoga, nime..."

"Nimesema kesho!"

Mlango ukafungwa.

Alirudi na pilau lake likiwa bado la moto. Simu ilikuwa inawaka juu ya friji: "Hongera, Mwanatumu! Bishara amethibitisha kuwa umemhimiza uso kwa uso. Je, kesho utamtembelea nani?"