Makasha Mawili ya Mwaloni

Orrin Peaslee alikuwa akilichapa kasha jipya kwa shada la funguo. Alilichapa taratibu, kama mtu anayekung'uta zulia, akasimama, akainamisha kichwa, kisha akalichapa tena pembeni. Kila kovu lilipaswa kuangukia mahali pake.

Hiyo ndiyo kazi iliyomlisha huko New Hampshire miaka thelathini: kutengeneza kwa mkono fanicha kama zile za wakati nchi yao ingali chini ya Mwingereza. Kasha alilokuwa akiliiga lilisimama pale pale ubavuni, la mwaloni, limenakshiwa maua mbele. Alilipenda tangu lilipoteremshwa garini. Karne tatu, na kifuniko bado kimekaa sawasawa, hakijapinda wala kunywea. Mafundi wa zamani, alimwambia mkewe, walikuwa mafundi kweli.

Mwenye kasha aliitwa Winifred Chadbourne, mjane mwenye sauti ya kiualimu. Alitaka kila kitu kiigwe: alama ya mshumaa ulioanguka, meno ya panya mguuni, hata mkwaruzo wa pini ya mdogo wake, Dorcas, walipokuwa watoto.

"Nataka hata mimi mwenyewe nishindwe kujua lipi ni lipi," alisema.

Orrin akamweleza kwamba kila anachotengeneza hukipiga muhuri wa moto wenye jina lake. Winifred akakubali, ila muhuri ukae mahali pasipoonekana upesi.

Hapo ndipo shaka ilipomwingia. Mji mzima ulijua habari za akina Chadbourne. Mama yao alipofariki alimwachia Winifred kasha, kwa kuwa ndiye mkubwa. Dorcas, aliyemuuguza mama hadi pumzi ya mwisho, alikaa nalo kipindi kizima cha baridi, theluji ilipoyeyuka akampelekea dada yake, akaliacha barazani na kuondoka. Hajamsemesha tangu siku hiyo. Mwaka wa kumi na moja huo.

"Anataka kumpoza mwenzake kwa feki," Orrin alimwambia mkewe, Almira, wakinywa supu ya samaki.

"Na feki anatengeneza nani?"

"Mimi natengeneza kasha, Almira. Uongo wataongea wenyewe."

"Basi piga muhuri wako mbele, kwenye maua."

Orrin akainamia supu yake. Kazi yenyewe ilikuwa tamu mno kuiacha. Muhuri akaupiga chini ya kijisanduku cha ndani, akapaka siki iliyolowekwa misumari yenye kutu ili mbao zizeeke, na ilipofika Jumamosi akayapeleka makasha yote mawili kwa Winifred.

Wiki moja baadaye Winifred akamwita. Moja ya makasha lilikuwa sebuleni, limeviringishwa blanketi na kufungwa kamba. Akamwomba alipeleke kwa Dorcas, na amwambie kwamba dada yake amechoka kununiana.

Njia nzima Orrin alikuwa akijisemesha ndani ya gari. Atamweleza Dorcas ukweli. Winifred akikasirika, na akasirike. Jina la Peaslee halikujengwa kwa kuwahadaa wanawake wa watu.

Dorcas alimfungulia mlango, mwanamke wa umbo dogo mwenye unga wa pai mikononi. Orrin akalitua kasha jikoni, akafungua kamba, akaondoa blanketi, akafikisha salamu. Dorcas hakulisogelea. Alisimama kando ya jiko, mikono ndani ya aproni.

"Bi Dorcas, kabla hujafurahi," Orrin alianza, "kuna kitu nataka ukione."

Akainua kifuniko, akachomoa kijisanduku, akakipindua. Ubao ulikuwa mtupu. Akakisogeza dirishani, akaupapasa kwa kidole gumba. Hapakuwa na muhuri.

Orrin akacheka kwa sauti, mzigo wa wiki nzima ukamtoka kifuani. Akamweleza yote: nakala, muhuri, na jinsi alivyomdhania vibaya Winifred. Dada yake amempa la mama. Nakala amebaki nayo mwenyewe.

Dorcas akavuta kiti, akaketi.

"Anajua amenipa lipi?"

"Anajua. Muhuri nilimwonyesha mwenyewe."

Orrin alitarajia machozi ya furaha, akageuka kidogo ili asimwone. Lakini Dorcas aliinuka, akajifuta unga, akamwomba amfuate chumbani. Chini ya dirisha, likiwa limerundikiwa mablanketi, palikuwa na kasha la tatu.

"Hili ndilo la mama," alisema. "Hilo ulilobeba nililichongesha Boston, baridi ile ile, kabla sijampelekea. Watu wanasema nimemnunia, Bwana Peaslee. Ningemtazamaje machoni?"