Kumbukumbu za Mwakio

Sheria ilitaka kumbukumbu za kila askari aliyerudi kutoka vita vya ng'ambo zihamishiwe kwa mtu mmoja wa nyumbani kwake, ili askari apumzike. Wakesho alikubali kubeba za mumewe, Mwakio. Sasa aliwajua wale akina mama waliopiga magoti jangwani, wakimsihi Mwakio asifyatue risasi. Alifyatua.

Mwakio mwenyewe alikuwa akila ugali kwa raha, amempakata binti yao.

"Baba, kule vitani kulikuwaje?" mtoto aliuliza.

"Sikumbuki, mwanangu. Nadhani kulikuwa kuzuri. Wameniita tena, na wala sioni vibaya kurudi." Akamgeukia mkewe. "Mama Mghoi, mbona huli?"

Wakesho aliitazama mikono ya mumewe iliyomshika mtoto.

"Mshushe," alisema. "Mshushe mwanangu."