Siku Saba za Leyla

Syokau aliweka sahani ya muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, juu ya kaunta ya duka la Ubah, karibu na mizani, akaifunika kwa kitambaa. Ilikuwa saa saba mchana, na Ubah hakuiangalia.

"Bado unafunga?"

"Leo ni ya sita. Imebaki moja."

"Na Ramadhani si iliisha kitambo, Mama Leyla?"

"Iliisha. Hizi si zangu. Ni za mtoto."

Syokau aliisogeza sahani pembeni. Aliuza mboga na maembe kwenye baraza la duka hilo la Kitui mjini, kila asubuhi akitoka Matinyani na magunia yake, na miaka tisa ya ujirani ilikuwa imemfundisha mambo ya Waislamu kiasi. Alijua kwamba mwanamke akiwa kwenye hedhi haswali wala hafungi, hata kama ni Ramadhani. Siku hizo za saumu huziweka, akazilipa baadaye. Sasa alikuwa amejifunza jingine: ukifa kabla ya kulipa, mzazi wako anaweza kukufungia.

Leyla alikuwa amefariki wiki tatu zilizopita, akiwa na miaka kumi na tisa. Deni alilitaja mwenyewe, kitandani hospitalini, alipobembelezwa anywe maziwa. "Hooyo," alimwita mamake kwa Kisomali, "niache. Nimebakisha saba tu." Ubah aliyashika maneno hayo kwa mikono miwili. Kumrudisha mwanawe hangeweza, lakini siku saba angeziweza. Dawa ya deni ni kulipa.

Tena mtoto alikuwa amelipa kwa bidii. Alianza na siku alizokosa katika Ramadhani mbili, akaongeza za sunna, Jumatatu na Alhamisi, kisha akasema alihesabu vibaya, bado anadaiwa. Ubah alimsifu kwa kila mteja. "Wasichana wa siku hizi wako kwa simu. Wangu yuko kwa mswala." Magharibi Leyla alibeba sahani yake chumbani, na sahani ilirudi safi. Usiku usingizi hakuujua. Ubah akiamka aliona mwanga chini ya mlango, akasikia mtoto akisoma, akisimama na kurukuu. Mwezi ukaisha, mwingine ukaingia, na hakuna usiku hata mmoja ambao Leyla alikosa kuswali. Ubah alirudi kulala akishukuru. Laiti angegonga ule mlango.

Syokau ndiye aliyesema kwanza. "Huyu msichana amekonda, Mama Leyla. Shingo imebaki kama ya kuku. Na macho yake ni ya mtu asiyelala."

Ubah alimjibu vibaya. Alimwambia kwamba kama watoto wa wengine wangeshika dini, mama zao wasingepata muda wa kuhesabu mifupa ya watu. Syokau aliendelea kufunga sukuma wiki zake. Walikaa siku nne bila kusalimiana.

Hata hivyo Ubah alimpeleka mtoto kwa daktari. Daktari, mwanamke kijana, alimpima Leyla, akamgeuza mikono, akauliza analala saa ngapi na anakula nini. Halafu akauliza kama hedhi yake inakuja.

"Inakuja," Ubah alisema kabla mtoto hajafungua mdomo. "Kila mwezi mimi mwenyewe namtolea pakiti ya pedi hapo dukani."

"Nauliza kwa sababu msichana akijinyima chakula muda mrefu, hiyo hukatika. Kuna ugonjwa wa namna hiyo, Mama. Unaanzia kichwani, si tumboni. Ukijulikana mapema unatibika." Akamgeukia Leyla. "Ni vile mama anasema?"

Leyla alitazama sakafu, akaitikia kwa kichwa.

Daktari alikata kwa kalamu kitu alichokuwa ameandika, akawapa vidonge vya kuongeza damu. Njiani Ubah alicheka. Ugonjwa wa kukataa chakula, huku Ukambani, ambako watu huangalia mbingu miezi mitano wapate cha kupika? Leyla naye alicheka kidogo, akamshika mamake mkono. Miezi minne baadaye alirudishwa hospitalini akibebwa, na siku ya pili moyo wake ukasimama.

Siku ya saba ilikuwa Alhamisi. Ubah alifunga duka mapema. Alikuwa ameamua kutoa nguo za Leyla sadaka jioni hiyo hiyo, deni na sanduku viishe pamoja. Kwa mara ya kwanza tangu mazishi alihisi kifua kimelegea. Angalau jambo moja alikuwa amemfanyia mtoto wake sawasawa.

Aliburuta sanduku la bati kutoka chini ya kitanda cha Leyla, akaanza kutoa. Sare ya shule. Buibui mbili. Sweta zito ambalo Leyla alilivaa hata jua likiwaka, akisema anasikia baridi. Kila nguo aliinusa kabla ya kuikunja.

Adhana ya magharibi ilitoka. Syokau alisimama mlangoni na tende tatu na kikombe cha uji.

"Njoo ufungue, Mama Leyla. Deni la mtoto limeisha."

"Nakuja," Ubah alisema, akainua mtandio wa mwisho.

Chini yake zilikuwa zimepangwa pakiti za pedi kutoka dukani kwake, safu juu ya safu, hadi zile za karatasi ya zamani ambayo haijauzwa tangu mwaka juzi. Zilikuwa ishirini na mbili, na hakuna hata moja iliyokuwa imefunguliwa.