Majibu Mawili Juu ya Ukuta

Mama Dorothée aliinua bati kwa mikono miwili, akangoja. Juu ya kuta za nyumba yake mpya ya udongo, pale Nyabiondo, pasta na katekista walikuwa wameacha nyundo zao, wanabishana.

"Mungu alipatia batu uhuru," pasta alisema. "Batu njo balichoma nyumba ya huyu mama. Si Mungu."

"Lakini kama Mungu aliachilia, alikuwa na sababu," katekista alijibu. "Mateso iko inakomalisha imani."

Ukingo wa bati ulikuwa unamuumiza Mama Dorothée vidole. Swali hilo, kwa nini Mungu aliacha nyumba yake ichomwe, alilibeba miaka yote ya kambi ya wakimbizi ya Lushebere, na kila aliyejaribu kumjibu alimtia hasira. Leo aliwasikiliza huku akiingoja hasira ile ipande. Haikupanda. Akashangaa kujikuta anatabasamu.

Pasta akainama kumtazama. "Mama, weye unaona nani anasema kweli?"

"Mi sijue, Papa. Nilimuuliza Mungu mpaka nikachoka. Hakunijibu. Lakini kila mara nililia, alikuwa anaketi pembeni yangu."

Upepo ulileta harufu ya mvua kutoka mlimani, ikachanganyika na ya maharage yaliyokuwa yanachemka uani.

"Sasa mupokee bati," Mama Dorothée akasema. "Mvua haitangoja mumalize."

Pasta ndiye aliyeanza kucheka. Wakalipokea pamoja, kila mmoja upande wake, wakalilaza juu ya miti, na kivuli cha paa lake mwenyewe kikamwangukia usoni.