Msimulizi wa Kitanda cha Chini

Nikutegee kimoja, nawe ukae nacho mpaka mwisho: anakusemesha kitabu kizima, unamwamini kuliko ndugu yako, na sura yake hujaiona hata siku moja. Nani huyo? Usikimbilie kujibu.

Simu ilitetemeka juu ya meza ya jikoni. Mwenye blogu aliusoma ujumbe, na sahani aliyokuwa akiifuta ikamponyoka.

Alikuwa yule yule aliyejiita Rafiki wa Kurasa. "Dirisha lenu ni la bluu, na nje kuna tangi la maji. Usipokuja maktaba Jumamosi, nitakuja mimi."

Blogu yenyewe ilikuwa ndogo tu, ya vitabu vya vijana, ikiendeshwa kwa simu moja na watu wawili waliolala chumba kimoja. Mwenye blogu alilala kitanda cha chini, na ndiye aliyeandika. Wa kitanda cha juu, mdogo kwake, alipiga picha na kumsahihishia tahajia. Waliitana "mwenzangu", utani wa siku nyingi.

Mashauri yao kwa wanaoanza blogu yalipendwa. Usiseme kitabu ni kizuri; sema kilikuunguzia nini jikoni. Usitoboe mwisho. Kitabu kipige picha dirishani, penye mwanga. Na usimchanganye msimulizi na mwandishi, maana anayesema "mimi" kitabuni ni kinyago. Mwandishi yuko nyuma yake anakunywa chai.

Katika wasimulizi wote, mwenye blogu alimpenda mwoga. Jasiri hupita tu, aliandika, lakini mwoga huona kitasa, huona viatu, huona mkono uliofichwa. Makala hiyo aliianza hivi: "Mimi nikiogopa hujifunika shuka gubigubi, nikahesabu sauti za nyumba." Ndipo Rafiki wa Kurasa alipojitokeza.

Mwanzoni alisifu. Baadaye akahamia kwenye ujumbe wa faragha. Wewe si kama wasichana wengine, aliandika. Nyumbani kwenu hawakuelewi. Tusimwambie mtu. Na kila alipomaliza, swali lile lile: una miaka mingapi? Mwenye blogu hakulijibu. Alidhani ukimya utamchosha.

Kumbe ile picha ya dirishani ilikuwa imekwisha kumjibu mengine.

Mkubwa wa nyumba alikuwa muuguzi, mwanamke wa zamu ndefu, aliyewaacha hao wawili peke yao kutwa nzima. Aliingia wakati huo huo akivua viatu, akaona vipande vya sahani, akauliza kulikoni. Akaambiwa mkono umeteleza. Akasema hiyo simu itakuja kumla mtu macho, na siku moja ataifungia kabatini, akaenda zake kuoga.

Muuguzi angeambiwa, angefunga blogu na kufunga mlango. Na yule mtu angetafuta dirisha jingine, la mtoto mwingine.

Mwenzake wa kitanda cha juu aliposoma ujumbe ule alikaa sakafuni, pale pale penye vipande.

"Ile picha niliipiga mimi," alisema. "Acha niende mimi nikamwombe atuache."

"Huendi popote, mwenzangu. Anayemtaka ni anayeandika. Basi atampata."

"Huogopi?"

Sauti ya mwenye blogu ilikuwa imara. Lakini ilibidi ashike meza ndipo asimame.

Jumamosi alivaa vizuri, akapita sebuleni taratibu kama mtu asiye na neno.

"Mama, nafika maktaba mara moja," alimwambia muuguzi. "Sichelewi."

"Sichelewi, sichelewi. Juzi ulisema hivyo hivyo, tukakutafuta mtaa mzima. Vaa sweta."

Akavaa sweta. Njia nzima, kama alivyoandika mwenyewe, aliona kila kitu: gari lililosimama bila dereva, mlango wa duka ulioegeshwa, mtu aliyegeuka haraka mno. Mara mbili alitaka kurudi. Mara mbili akaliona akilini dirisha la bluu, na mwenzake peke yake nyuma ya pazia.

Maktabani alisimama kwanza kwa mkutubi, akainama, akamnong'oneza. Uso wa mkutubi ukasawijika. Mkono wake ukaenda kwenye simu ya mezani, polepole, kama anayetafuta kalamu.

Chumba cha nyuma kilikuwa na meza moja na mtu mmoja. Shati limepigwa pasi. Kucha safi. Kwenye kiti cha pili ameweka mkoba wake, na juu ya mkoba kitabu kipya kilichofungwa utepe wa waridi. Macho yake hayakubanduka mlangoni.

Mwenye blogu alisimama mbele yake. Yule mtu alimtupia jicho mara moja, akampita, akarudi kuutazama mlango. Kisha akakumbuka adabu, akauondoa mkoba wake kitini.

"Shikamoo, bibi," alisema. "Karibu ukae."

"Marahaba."

Akakaa. Akaweka simu mezani, ujumbe wa dirisha la bluu ukiwa wazi, akaisogeza mpaka chini ya pua ya yule mtu. Mlangoni, mkutubi akazungusha ufunguo kitasani.

"Lile swali lako nilikuwa sijakujibu," alisema. "Sabini na mbili, mwanangu."